Kabla Hujamtoa Kuhe Ziwani

Kuhe wangu wa kwanza, samaki wa Ziwa Tanganyika, nilimleta nyumbani kutoka mwalo wa Katonga hapa Kigoma akiwa kwenye ndoo ya lita 20, nimeifunika kwa kitambaa kilicholowa. Alikuwa na urefu wa kidole na madoa meusi ubavuni. Tangi nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisugua hadi likang'aa, nikalijaza maji asubuhi ile ile, nikaamini kwamba usafi ule ndio maandalizi. Siku ya nne alikuwa anatweta juu ya maji, mashavu yamewiva mekundu. Siku ya tano nilimzika chini ya mpapai. Hakuwa na ugonjwa. Tangi lilikuwa jipya mno, na mimi sikujua kwamba upya wa tangi unaweza kuua.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo namna ya kufuga nyumbani samaki aliyevuliwa ziwani, namwambia achague siku anayotaka samaki afike, kisha ahesabu angalau wiki sita kurudi nyuma. Kazi inaanzia hapo.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Kuhe, ambaye wanasayansi humwita Boulengerochromis microlepis, ni wa ukoo mmoja na sato na perege, na ni miongoni mwa wakubwa kuliko wote wa ukoo huo duniani. Hapatikani kwingine ila Ziwa Tanganyika. Akikomaa hupita sentimita 60, na maisha yake ni kuzunguka eneo pana juu ya mchanga akiwinda samaki wenzake. Kwa hiyo usipime tangi kwa yule kuhe mdogo uliyemwona kwenye ndoo. Pima kwa yule kuhe ambaye mkia wake unaning'inia nje ya sinia la mama muuza samaki pale mwalo wa Kibirizi.

Ukipima hivyo, hesabu inabadilika. Kwa kuhe mmoja aliyekomaa, mimi siwezi kumshauri mtu chini ya mita 3 kwa urefu, mita 1 kwa upana na sentimita 80 kwa kimo. Hizo ni lita 2,400, yaani tani mbili na nusu kasoro kidogo za maji peke yake, kabla hujaweka jiwe hata moja. Nyumba nyingi zetu hazina sebule ya kubeba mzigo huo. Birika la saruji uani, lenye kivuli, linafaa zaidi, ila saruji mpya hutoa chokaa na kuyafanya maji kuwa makali. Lijaze na kulimwaga mara kadhaa kwa wiki mbili tatu kabla ya kuliamini.

Kama ulichonacho ni nafasi ya tangi la kioo la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, ambalo ni lita 540, basi nakuomba kwa moyo mweupe umwache kuhe ziwani uchague samaki mdogo. Ziwa letu lina zaidi ya spishi 200 za ukoo huu, na karibu zote hazipo mahali pengine duniani. Wapo wanaoishi ndani ya kaka tupu za konokono, wengine hawazidi sentimita 5 maisha yao yote, na ukiwapa mchanga na kaka kumi watachimba, watagombana mipaka na kulea watoto mbele ya macho yako. Raha ya kuwatazama hao haipungui hata kidogo. Mgebuka na sangara usiwafikirie kabisa. Mgebuka ni samaki wa maji ya wazi, magamba yake yanabanduka akiguswa na wavu, na mara nyingi hufa kabla mtumbwi haujafika nchi kavu.

Kwa fundi wa vioo usiende na wazo, nenda na vipimo vilivyoandikwa. Tangi la kimo cha sentimita 60 linahitaji kioo cha milimita 12. Kile chembamba cha madirishani kitapinda, kisha kitapasuka usiku. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Ikishapakwa iache ikauke wiki nzima. Meza iwe ya chuma, imechomelewa na mtu anayejua kwamba itabeba zaidi ya nusu tani mchana na usiku, na uiweke kwenye sakafu ya zege iliyo sawasawa, mbali na dirisha la jua. Hapa Kigoma hita hatuihitaji. Maji ya juu ya ziwa huwa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima, na vyumba vyetu haviko mbali na hapo. Linalotusumbua ni jua la saa tisa alasiri kupiga kioo.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo samaki wengi wanapofia.

Maji ya Tanganyika ni ya magadi kiasi: pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi ambapo 7 ni katikati, iko karibu na 9. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani humo humo, kwa hiyo kwa upande huo tumebarikiwa kuliko mfugaji wa Ulaya anayechanganya chumvi ili tu ayaige. Tatizo la bomba ni klorini. Yaweke kwenye pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikivuma ndani yake siku nzima, nayo itatoka.

Baraka hiyo ya pH ina upande wake wa pili. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na chakula kinachobaki huoza na kuwa amonia vilevile. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. Katika pH 9, kwa joto letu, ni zaidi ya theluthi moja. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa maji ya pH 7 angekivumilia, kuhe wako kinamchoma mashavu. Ndicho kilichomuua wa kwangu katika maji yaliyokuwa meupe kama machozi.

Dawa yake ni bakteria. Kuna aina moja inayokula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na aina nyingine inayoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji la chujio, kwenye changarawe na juu ya mawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana hadi kutosha. Wape chakula kabla ya samaki kuja: washa chujio, tumbukiza dagaa wawili watatu waoze humo ndani, kisha subiri. Harufu itakukera siku za mwanzo. Ukichota mawe machache yenye utelezi kutoka ufukweni na kuyaweka karibu na chujio, unakuwa umepanda mbegu na muda unapungua. Vipimo vya matone vya amonia na nitriti agiza Dar es Salaam mapema, usingoje hadi siku ya shida. Siku utakapoongeza dagaa mwingine akaoza, na bado vipimo vyote viwili vikasoma sifuri, tangi limeiva. Si kabla.

Nimetaja mawe ya ziwani, basi niseme na kichocho. Konokono wanaokibeba wapo katika maji yetu, hasa sehemu tulivu zenye majani. Mawe na mchanga vichukue sehemu za wazi zenye mawimbi, vianike juani ikiwa huhitaji bakteria wake, kagua kila jiwe kama lina konokono, na usivute maji ya tangi kwa mdomo unapotumia mpira. Bana mpira kwa mkono, au ujaze maji bombani kwanza.

Jiulize pia nani atabeba maji. Robo ya tangi kila wiki ni kawaida ya mwindaji anayekula nyama na kuchafua sana. Kwa lita 540 ni ndoo saba hivi. Kwa birika la lita 2,400 ni ndoo 30, kila wiki, Ramadhani, msiba, safari. Kama jibu ni mdogo wako wa darasa la tano, bado hujajiandaa.

Halafu umeme. Chujio likizimika saa nyingi, bakteria wanaanza kufa kwa kukosa hewa na samaki mkubwa anamaliza oksijeni. Nimewahi kupoteza samaki watatu usiku mmoja kwa sababu nililala fofofo wakati umeme umekatika. Sasa nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya sola, imeshafungwa mahali pake na mpira wake uko ndani ya maji tayari. Nikiamka gizani nabonyeza swichi tu. Ijaribu kabla samaki hajafika. Zima umeme mwenyewe jioni moja uone kama inahimili hadi asubuhi.

Ruhusa ni jambo fupi lakini lisirukwe. Nenda kwa ofisa uvuvi, eleza unataka samaki gani, wangapi na utawaweka wapi, uambiwe leseni au kibali kinachohitajika. Kuna majira ambayo ziwa hufungwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Maji ya Hifadhi ya Mahale, ambayo mpaka wake unaingia ziwani kilomita 1.6, usiyaguse. Na ukimwona mtu anakuuzia samaki hai wa kokoro, yaani wavu unaokokotwa hadi ufukweni, kataa. Kokoro limekatazwa, na hata kama lisingekatazwa, samaki aliyeburutwa mchangani na wenzake mia ameshapoteza ute unaomlinda, na vidonda vyake vitaota ukungu ndani ya wiki.

Kaa na mvuvi wako kabla ya siku yenyewe, mkubaliane. Mimi humwambia hivi: kaka, nataka wa mita mbili tatu za maji, si wa kina kirefu. Mita 20 chini mgandamizo ni mara tatu ya huku juu, kwa hiyo samaki akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa kinavimba, tumbo linajaa, anaelea ubavu. Wako watu wanaomtoboa kwa sindano. Usikubali. Mwombe asimshike kwa mkono mkavu, na amhamishe kwa bakuli lenye maji badala ya wavu. Usichukue hata mmoja kutoka kundi la vifaranga linalolindwa na wazazi wawili. Kuhe huoana, mume na mke hulinda watoto pamoja bila kula, na ukiwavuruga, samaki wengine wanalisafisha kundi zima mara moja.

Safari ya kutoka Katonga hadi Mwanga ni fupi, ndoo yenye mfuniko na kivuli inatosha. Anayetaka kumpeleka Tabora kwa treni, kilomita 400 na zaidi, huyo anahitaji mfuko wenye theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya sanduku lisilopitisha joto, na samaki aliyefungishwa siku mbili ili asichafue maji njiani. Na kule Tabora ajue maji ya bomba si ya Tanganyika. Inabidi ayapime na kuyarekebisha kwa wiki kadhaa kabla. Mito ya Tabora inashuka hadi Malagarasi, na Malagarasi inamwaga ziwani kwetu, kwa hiyo samaki aliyemchosha asimtupe mtoni. Hata hapa Kigoma, samaki aliyekaa na wengine kwenye tangi anaweza kurudi na vimelea ambavyo wenzake ziwani hawavijui. Tafuta mapema mwenye birika kubwa atakayempokea akizidi tangi lako, mkubaliane kabisa, na jina lake liandike ubavuni mwa meza.

Andaa na pipa la pembeni la karantini, lenye sponji lake uliloliivisha ndani ya tangi kubwa. Akae humo wiki tatu, gizagiza, kimya, watoto wasigonge. Juu weka wavu uliokazwa kwa kamba, kwa sababu usiku wa kwanza na wa pili samaki wa ziwani huruka.

Chakula nacho kiwe tayari kwenye friza: dagaa wabichi waliooshwa, vipande vya samaki mweupe, uduvi ukiupata. Dagaa waliokaushwa mchangani kwa chumvi hawafai, na mafuta ya ng'ombe au kuku hayasagiki vizuri tumboni mwake. Usitegemee ale siku ya kwanza. Ziwani alizoea kukimbiza kitu kinachokimbia, na dagaa aliyelala chini kwake si chakula. Mfunge dagaa kwa uzi mwembamba, mtikise majini kwa dakika chache jioni, asipomtaka mtoe asioze. Wa pili wangu nilimtikisia dagaa jioni tisa mfululizo, kila mara akirudi nyuma kwenye kona. Jioni ya kumi uzi ulikazika mkononi mwangu.