Komini ikikata uwanja wa watu: karatasi gani uidai, na wapi

Mawe ya mpaka yamepandwa ndani ya uwanja wa mpira wa kartié (mtaa), Katuba ama Ruashi, komini za mji wa Lubumbashi, Kongo (DRC), na mtu anaonyesha karatasi yenye muhuri wa komini. Usianze kwa kuuliza nani alisaini. Uliza ardhi ile imepangiwa nini.

Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi yote ni ya Leta (serikali). Kifungu cha 55 kinaongeza: ardhi iliyowekewa matumizi ya watu wote au huduma ya umma haigawiwi mtu maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Ofisini wanaita désaffectation. Hiyo ndiyo karatasi ya kudai kwanza. Barua ya bourgmestre (mkuu wa komini) haishiki nafasi yake, wala azimio la baraza la komini. Na kusema "uwanja umekufa, hakuna anayecheza" hakubadilishi kitu. Komini inaweza kusimamia soko, kupanga vibanda na kutoza kodi zake. Kugawa ardhi yenyewe ni mambo mengine.

Nenda kadastre (ofisi ya upimaji na ramani za ardhi) ukiwa na jina la avenyu, majirani wa pande nne, namba ya parseli kama ipo, na vipimo vya GPS vya kila pembe (simu inatosha). Omba kuona mchoro wa zamani wa mgawanyo wa kartié. Mahali pale pakiandikwa shule, soko au espace vert (eneo la wazi la kijani), omba nakala yenye muhuri na utunze risiti. Kisha nenda kwa konservateri (msajili wa hati za ardhi) anayehusika na komini yako (Lubumbashi ina zaidi ya mmoja, watu wengi hupoteza siku kwenye mlango usio wao) uulize kama kuna mkataba au sertifika (hati iliyosajiliwa) juu ya kipande kile. Fiche ya komini, yaani karatasi ya ofisi ya komini, si hati ya ardhi: kifungu cha 219 kinatambua sertifika ya enregistrement tu.

Pima pia ukubwa. Kwa ardhi ya mjini, kifungu cha 183 kinampa gavana hadi hekta 10, naye anaweza kumkabidhi konservateri vipande visivyozidi ari 50 (ari moja ni mita mraba 100). Bourgmestre hayumo kwenye ngazi hiyo. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni ari 71 na kidogo, kwa hiyo konservateri hawezi kuusaini wote peke yake. Ukiona umekatwa vipande vitatu vinne, huenda sababu ni hiyo; andika vipimo vya kila kipande, kisha uvijumlishe.

Malalamiko yaandikwe kwa mkubwa aliyetoa uamuzi, ndani ya miezi 3 tangu utangazwe au ukufikie, na nakala kwa gavana, ambaye ndiye mwenye kuchunga matendo ya komini. Taja tarehe ya uamuzi, kifungu cha 55, mchoro, na unachoomba: uamuzi ufutwe. Wasaini wale wanaoguswa kweli, kila mmoja na anwani yake: majirani, wazazi wa shule, timu. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, tribinali haitajua ulianza lini. Miezi 3 ya kimya huhesabiwa kuwa wamekataa, na hapo avoka (wakili) aingie.

Kesi nyingi hufa kwa kushambulia karatasi isiyo yenyewe: watu wanapigana na fiche ya komini huku sertifika imeshatoka kwa konservateri. Kifungu cha 227 kinafanya haki ya mwenye sertifika isigusike baada ya miaka 2, kama ardhi ilitolewa ipasavyo. Avoka anaweza kujibu kwamba ardhi ya umma haikutolewa ipasavyo hata siku moja. Hoja ni nzuri, ila ni bora usifike huko.

Na mawe yale msiyang'oe. Kung'oa mipaka ni kosa la jinai, na kesi itageuka yenu. Pigeni picha, zenye tarehe, kabla ukuta haujapanda.