Kutuma mswada wa fantasia kwa wachapishaji wa Kikristo wa Marekani, na kusoma barua ya kukataliwa

Miswada mingi ya fantasia na ya hadithi za sayansi inayotumwa kwa wachapishaji wa Kikristo hukataliwa kabla mhariri hajafika ukurasa wa tano, na mara nyingi imani ya mwandishi wala haijahusika. Imetumwa pasipo pake, imezidi urefu, au barua yake haisemi hadithi inahusu nini. Haya yote yanarekebishika.

Anza na mahali pa kutuma. Kampuni kubwa, kama Thomas Nelson na Zondervan zilizo chini ya HarperCollins, au Bethany House iliyo chini ya Baker, kwa kawaida hupokea riwaya kupitia wakala, yaani mtu anayemwakilisha mwandishi mbele ya wachapishaji. Na hata zinapopokea, wasomaji wao wengi wamezoea riwaya za mapenzi na za kihistoria, kwa hiyo nafasi za majoka na vyombo vya anga ni chache. Kampuni ya Enclave, iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Marcher Lord Press, imejikita katika aina hii. Kwa hadithi fupi zisizozidi maneno 1,000 kuna mchapishaji Havok, na hapo ndipo mwandishi mgeni anaweza kupata hadithi yake ya kwanza iliyochapishwa, ya kutaja kwenye barua ya utangulizi. Kongamano la Realm Makers, linalofanyika tangu 2013, huwakutanisha waandishi wa aina hii na wahariri na mawakala ana kwa ana. Popote unapotuma, fungua ukurasa wa masharti siku ileile. Kampuni nyingi hupokea miswada kwa muda fulani, kisha hufunga, na barua iliyofika mlango umefungwa huenda isisomwe kabisa.

Riwaya ya watu wazima ikae kati ya maneno 80,000 na 120,000. Ikifika 200,000, usidanganye hesabu. Tafuta mahali ambapo kitabu cha kwanza kinaweza kuishia kwa haki, na sehemu inayobaki iwe kitabu cha pili.

Kisha faili lenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tumeshika Kiingereza cha Uingereza tangu shule ya msingi, na kwa mhariri wa Marekani hilo huonekana mstari wa kwanza. Badili lugha ya programu iwe Kiingereza cha Marekani, kisha pitia tahajia neno kwa neno. Mazungumzo yawe ndani ya alama mbili za nukuu, si moja, na nukta ikae ndani ya alama ya kufunga. Ukubwa wa karatasi usiwe A4. Chagua ule wa Letter, sentimita 21.59 kwa 27.94, na pambizo sentimita 2.54 pande zote. Fonti ni Times New Roman 12, nafasi mbili kati ya mistari, mstari wa kwanza wa kila aya uingie ndani kwa mpangilio wa aya na si kwa kubonyeza nafasi tano. Juu ya kila ukurasa weka jina la ukoo, neno moja la kichwa cha kitabu, na namba. Kwa mpangilio huu ukurasa hubeba takriban maneno 250.

Barua ya utangulizi isizidi ukurasa mmoja, maneno kama 300. Aya ya kwanza ni hadithi. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Riwaya hii inazungumzia vita kati ya nuru na giza na nguvu ya msamaha."

"Binti wa mtunza mnara wa taa anagundua kwamba taa hiyo ndiyo inayozuia bahari isiumeze mji, na kwamba kasisi aliyemlea ndiye anayeiba mafuta yake."

Ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye vitabu elfu. Ya pili ina mtu, hatari na usaliti, na msamaha umo ndani yake bila kutajwa. Aya inayofuata itaje aina ya hadithi, idadi ya maneno, na kwamba mswada umekamilika. Mwandishi mgeni hauzi riwaya ambayo hajaimaliza. Mwisho, mistari miwili mitatu kuhusu wewe. Usiandike kwamba Mungu ndiye aliyekupa hadithi hii. Hata kama unaamini hivyo kwa moyo wote, mhariri amelisoma hilo mara nyingi mno, na linamweka mahali pabaya: akikataa, ni kana kwamba anamkataa Mungu.

Muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili lazima ueleze hadithi yote, mwisho ukiwemo. Hapa ndipo mhariri wa Kikristo anapopima jambo ambalo wengine hawalipimi: nguvu za ajabu zinatoka wapi? Mwandishi wa Afrika Mashariki akiweka mizimu, majini au mganga kwenye hadithi, akumbuke kwamba msomaji wa Marekani hajui tofauti ya mganga wa mitishamba na mchawi; kwa Kiingereza wote wawili mara nyingi hubandikwa jina moja. Sema waziwazi nani ana nguvu ipi, ameipataje, na inamgharimu nini. Usiiondoe mizimu kwa hofu. Eleza tu hadithi inaichukuliaje. Matusi na ngono ya wazi, kwa upande mwingine, hazina nafasi katika sehemu kubwa ya soko hili.

Tuma kwa wachapishaji au mawakala watano au sita kwa wakati mmoja, iwapo masharti yao yanaruhusu, na andika kila kitu kwenye jedwali: nani, tarehe, nini kilitumwa, jibu. Jibu linaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita.

Likija la kukataa, usilijibu siku hiyo. Lisome kesho yake, ulitambue ni la aina gani. Barua fupi isiyotaja chochote cha kitabu chako ni ile inayotumwa kwa kila anayekataliwa; usichimbe maana ndani yake. Maneno kama "tunakuombea Bwana akuongoze" ni adabu njema, hayana ahadi wala hukumu juu ya wito wako. Barua inayotaja mhusika au sura fulani ni mali: mhariri ametumia muda ambao hakulazimika kuutoa, na hapo shukrani ya sentensi mbili inafaa. Akisema yuko tayari kuuona tena ukirekebishwa, chukua miezi inayohitajika, usirudishe wiki ijayo. Pasipo mwaliko huo, mswada uleule haurudi kwa mtu yuleyule.

Majibu yakifika kumi, soma jedwali. Kama hakuna hata mmoja aliyeomba sura zaidi, kasoro iko kwenye barua au kwenye kurasa za mwanzo. Wakiomba sura kisha wakakataa, barua inafanya kazi yake na tatizo liko ndani ya kitabu. Watu watatu wakitaja kosa moja, lirekebishe kabla ya kutuma tena popote.

Kipindi hiki cha kukata tamaa ndicho wanachokivizia wale "wachapishaji wa Kikristo" wanaokubali haraka kisha wanaomba ulipie uhariri, jalada au nakala za kwanza. Mchapishaji wa kweli hukulipa wewe. Wakala naye huchukua asilimia 15 ya unachopata, wala hatozi ada ya kusoma.

Na mkataba ukija, uliza mapema kuhusu kodi. Utajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wala wakazi wa huko, na kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha (sehemu yako ya mauzo ya kitabu) unaotokana na mauzo ya huko hukatwa kabla hujatumiwa. Ifanyie hesabu kabla ya kutia sahihi.