Kumpunguzia Rais wa Marekani Mamlaka kwa Kurekebisha Amri Zake

Anayeandaa pendekezo la kurekebisha amri ya kiutendaji ya rais wa Marekani, yaani agizo analolitoa mwenyewe kwa serikali yake bila kupigiwa kura bungeni, aanze kwa kutafuta chimbuko lake, kwa kuwa amri hiyo haina nguvu isiyotokana na Katiba au na sheria iliyopitishwa na Bunge. Rais Harry Truman alipotwaa viwanda vya chuma mwaka 1952 kwa Amri Na. 10340, Mahakama ya Juu iliibatilisha kwa kura 6 dhidi ya 3 kwa sababu msingi huo haukuwepo.

Chimbuko likishajulikana, pima maneno, maana hapo ndipo penye kazi. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alipiga marufuku watumishi wa serikali kushiriki mauaji ya kuvizia ya kisiasa. Mwaka 1978 mrithi wake, Jimmy Carter, akalifuta neno "kisiasa" na hivyo akalipanua katazo, ambalo Rais Ronald Reagan alilihifadhi katika Amri Na. 12333 ya mwaka 1981. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefafanua mauaji hayo ni yapi, na wanasheria wa serikali wamepata nafasi ya kulitafsiri katazo hilo kwa maana finyu. Kwa hiyo kila neno la katazo lifafanuliwe ndani ya amri yenyewe, na itajwe kamati ya Bunge itakayopewa taarifa na muda wa kuipa.

Usisahau kifungu cha mwisho, ambacho wengi hawakisomi: kwa kawaida husema kwamba amri haimpi mtu haki yoyote ya kudai mahakamani. Kikibaki, aliyeumizwa na ukiukaji hawezi kuitegemea amri hiyo katika kesi yake.

Rasimu hupitia ofisi ya bajeti ya rais, kisha kwa Mwanasheria Mkuu, ndipo hutiwa saini na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Lakini saini ya rais inayofunga ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufungua. Mwaka 2007 Seneta Sheldon Whitehouse alifichua maoni ya wanasheria wa Wizara ya Sheria kwamba rais anayekwenda kinyume na amri ya mtangulizi wake hajaivunja, bali ameirekebisha, hata bila kuutangazia umma. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa sheria ya Bunge rais hawezi kuibadili peke yake, ambatanisha na pendekezo lako muswada wenye maneno yale yale, uupeleke kwa mbunge au seneta atakayekubali kuuwasilisha.