London ya wakati wa vita, kwa miguu

Anzia stesheni ya Westminster asubuhi. Tiketi ya Churchill War Rooms, vyumba vya chini ya ardhi ambamo serikali ya Churchill iliendesha Vita vya Pili vya Dunia, ikate mapema mtandaoni. Ukienda bila tiketi, foleni itakumalizia nusu ya siku. Humo chini usipite mbio chumba cha ramani: sogea uone matundu ya pini zilizofuata misafara ya meli baharini. Muda wa saa mbili si mwingi. Ukitoka, pita Cenotaph, mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, kisha fuata ukingo wa mto Thames hadi Cleopatra's Needle, nguzo ya kale ya Misri yenye sfinksi mbili, sanamu za simba wenye vichwa vya watu. Sfinksi ya kulia imejaa mashimo. Wengi, hata waongoza watalii, huyabandika kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kumbe ni vipande vya bomu la Septemba 4, 1917, wakati wa Vita vya Kwanza. Kibao kipo, kisome. Malizia St Clement Danes, kanisa lililoungua Mei 1941. Zunguka nje kwanza: makovu ya mabomu yako ukutani.