Gesi gani inatoka? Jinsi ya kuitambua bila kubahatisha

Mapovu yakianza kupanda kwenye neli (kibomba cha kioo cha kufanyia majaribio), usikimbilie kiberiti. Jiulize kwanza umechanganya nini. Metali na asidi hutarajiwa kutoa haidrojeni, kaboneti na asidi kabonidioksidi, na chumvi ya amoniamu ikipashwa moto pamoja na alkali hutoa amonia. Ukishajua unachotarajia, ndipo uchague jaribio. Vaa miwani ya kinga, na usielekeze mdomo wa neli usoni pa mtu.

Hatua ya 1: Haidrojeni. Tia vipande vya zinki kwenye asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha sogeza kijiti kinachowaka mdomoni mwa neli. Utasikia "pu!"

Hatua ya 2: Oksijeni. Mimina haidrojeni peroksidi iliyozimuliwa juu ya manganizi dioksidi kidogo. Unga huo mweusi huharakisha tu mmenyuko, wenyewe hauishi. Puliza kijiti chako mwali uzime, kibaki na kaa jekundu, kisha kiingize ndani. Kitawaka upya.

Hatua ya 3: Kabonidioksidi. Hapa nawaomba msiwe na haraka. Pitisha gesi kwa mrija hadi kwenye maji ya chokaa, yaani maji maangavu yenye chokaa iliyoyeyuka. Yatageuka meupe kama maziwa, kwa sababu chembe za kalsiamu kaboneti zimejitenga. Mrija ukiendelea kutoa gesi, weupe utapotea tena, maana kaboneti hiyo inageuka haidrojenikaboneti, ambayo huyeyuka. Wengi hufika wakati maji yameshatakata, wakaandika "hakuna gesi". Kaa uangalie tangu povu la kwanza.

Hatua ya 4: Amonia. Litmasi nyekundu (karatasi ya kutambua asidi na alkali) iliyoloweshwa hugeuka bluu. Klorini nayo huifubaza litmasi mbichi ikawa nyeupe, lakini ni sumu: ifanyeni na mwalimu tu, ndani ya kabati la kutolea hewa chafu.

Maswali

Mwalimu, kijiti kilizima nikaandika kabonidioksidi, nikakosa. Kwa nini?
Kwa sababu hata nitrojeni huzima moto. Kuzima kunakuambia tu kwamba gesi hiyo haisaidii uwakaji. Ushahidi wa kabonidioksidi ni maji ya chokaa.

Haidrojeni yangu iliwaka kimya, haikulia.
Ilikuwa safi. Mlio hutoka pale inapochanganyika na hewa. Ndiyo maana usiwashe kamwe mdomo wa mrija uliounganishwa na chupa ya mmenyuko: hewa ikiwa bado imo, chupa inaweza kupasuka.

Lazima litmasi iwe mbichi?
Lazima. Amonia huonyesha ualkali wake ikishayeyuka kwenye maji. Karatasi kavu itakudanganya.

Sina asidi. Naweza kujaribu maji ya chokaa kwa pumzi?
Unaweza. Pumzi unayotoa ina takriban asilimia 4 ya kabonidioksidi, wakati hewa ya kawaida ina kama asilimia 0.04. Puliza taratibu kwa mrija, wala usivute: maji ya chokaa huunguza koo.