Namna ya Kuichambua Safari ya Kwotabeki wa Chuo Kikuu
Ukitaka kumpima kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira katika futiboli ya Kimarekani, usianze na mwaka wake wa sifa, bali anza na miaka aliyokaa benchi. Mchukue Joe Burrow, aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2015, akacheza kwa nadra, akahitimu shahada yake, kisha mwaka 2018 akahamia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana.

Baada ya hapo, na kwangu hii ndiyo hatua yenye uzito zaidi, linganisha pasi zilizofika na zote alizorusha, msimu baada ya msimu. Mwaka 2018 zilifika 219 kati ya 379, sawa na asilimia 57.8, mwaka 2019 zikafika 402 kati ya 527, asilimia 76.3, na 6 tu zikanaswa na wapinzani.

Kisha tazama video za mechi na uangalie miguu yake walinzi wanapomkaribia: je, anapiga hatua moja mbele, mpira ukiwa kifuani katika mikono miwili na macho yakiwa bado mbali uwanjani, au anakimbia ovyo? Tuzo yake ya Heisman ya 2019, ile ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu, iandike mwishoni.