Nesi uliyetoka kwenye kipindi kigumu, anza hivi

Manesi wenzangu, hii nawaandikia nyie mliopita kwenye mlipuko, ajali kubwa, au ile miezi ya Covid wodi ilipojaa mpaka korido, alafu sasa kumetulia na kila mtu anategemea na wewe uwe umetulia. Wodi kutulia sio akili kutulia. Mimi nilikuwa nikisikia mlio wowote unaofanana na alamu ya monita moyo unaruka, na usiku nasimama pembeni ya kitanda cha mwanangu amelala namhesabia pumzi, nafika ishirini ndo nashtuka kumbe nahesabu.

Anza na usingizi, kabla ya kitu kingine chochote. Akili iliyochoka haichambui, inarudia tu picha zilezile. Ukitoka zamu ya usiku ziba dirisha, simu ilale chumba kingine, na kama ratiba inakurusha usiku mchana usiku, mwambie inchaji wako wa wodi wazi kwamba hulali, usione aibu.

Usikubali kulazimishwa kusimulia. Kuna sehemu wanawakusanya wote mara tu baada ya tukio kila mtu aeleze alichokiona, yaani Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri hivo, manake kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii mtu kuumia baadae. Bora umtafute mwenzio mmoja mliyekuwa naye zamu ileile, ambaye huhitaji kumweleza ilivyokuwa, hata mkikaa kimya inatosha.

Zikipita wiki kadhaa, andika. Mwanasaikolojia James Pennebaker alianza kupima hili miaka ya 1980, dakika 15 hivi kwa siku, siku 4 mfululizo, unaandika yaliyotokea pamoja na ulivyojisikia na hakuna wa kusoma. Ushauri wangu chagua mgonjwa mmoja tu, usibebe mwaka mzima. Siku ya kwanza mimi niliandika kama ripoti ya kukabidhi zamu, saa nane usiku, oksijeni 78, nimemgeuza ubavu. Siku ya tatu ndo likatoka kwamba alinishika kidole nikautoa mkono wangu kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa kinaita. Nililia sana. Siku ya nne nikaandika kuhusu huyo wa kitanda cha pili, ambaye alipona akatoka kwa miguu yake, na hilo nilikuwa nimelisahau kabisa jamani. Ukiona kuandika kunakuzidishia, acha.

Sasa kuhusu kukua, yaani yale mabadiliko mazuri ambayo mtu anaweza kuyaona baada ya kupitia magumu. Wanasaikolojia Tedeschi na Calhoun, ambao mwaka 1996 walitoa dodoso la maswali 21 la kupima ukuaji baada ya kiwewe, wanasema sio tukio linalomkuza mtu, ni ile kazi ya kupambana nalo baadae. Inaonekana sehemu 5: mahusiano, kuona njia mpya, nguvu ulizokuwa huzijui, imani, na kuthamini maisha. Na mtu anaweza akakua huku bado anaumia, vyote viwili vinakaa pamoja, kwahiyo asikuambie mtu mbona wewe hujakua, hilo sio deni.

Ila ndoto mbaya, kukwepa wodi au kushtukashtuka vikizidi mwezi na vinakuharibia kazi au nyumba, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, kuna tiba na zinafanya kazi. Mawazo ya kujidhuru usisubiri mwezi wala kesho, mwambie mtu leo.

Na la mwisho badilisha kitu kimoja hapohapo kazini, kidogo tu, kitokane na kile kilichokuuma. Mimi niliomba kabla ya ripoti ya asubuhi tuwataje kwa majina waliofariki usiku, dakika mbili hazifiki, alafu ndo tunaanza kitanda namba moja.